Watoto wa Kwenye Kadi

Siku niliyostaafu, vijana wa ofisi walinipa zawadi ya saa ya ukutani. Sijui walifikiria nini, maana mtu aliyestaafu hana pa kuwahi. Nimeitundika hapa nyumbani Kilibula, juu ya meza ninayoandikia, na kila siku inachelewa dakika kumi kama karani mzoefu. Vijana hao hao waliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani. Habari za vyeo na mishahara wakazisome kwenye mafaili, kama panya wamebakiza. Mimi nitaandika juu ya miaka yangu ya kwanza, ile miaka ya hamsini, nilipokuwa karani wa watoto katika kampuni ya pamba, na juu ya mwanamke mmoja ambaye nikimkumbuka navua kofia hata nikiwa peke yangu chumbani.

Karani wa watoto, ndivyo tulivyoitwa. Serikali ya wakati ule iliamuru kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto aongezewe kitu juu ya mshahara wake, kwa kila mtoto. Kwa Kifaransa jina lake lilikuwa refu. Watu wakaiita pesa ya watoto, yakaisha. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake ofisini: jina lake, jina la mke, kisha majina ya watoto, kila mmoja na mstari wake. Mtoto akizaliwa anaandikwa. Akifa anapigwa mstari, na tarehe inawekwa pembeni. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kadi na nyumba vinasema neno moja.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vilivyonibana, vya kuazima. Ofisi yetu ya Uvira ilikuwa nyuma ya maghala, na dirishani uliona ziwa, na ng'ambo yake mabati ya Usumbura, Bujumbura ya leo, yakimetameta. Nilionyeshwa makabati ya mbao yenye droo ndogo ndogo. Nikavuta moja. Zilikuwa kadi za tambarare yote ya Ruzizi, watoto kwa mamia, wengine hawajaota meno, na majina yao yameketi pale kwa mstari yakingoja. Nilishikwa na woga kama ule wa mtu anayeingia kanisani peke yake mchana. Niliona kwamba kalamu yangu ingeweza kumtoa mtoto duniani, na ingeweza pia kumzuia asitoke.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Amisi, wa zile familia za Waislamu wa pwani ya ziwa ambazo babu zao walikuja na biashara ya zamani. Aliandika Kifaransa vizuri kuliko wengi waliozaliwa nacho, lakini daftari lake la mfukoni aliliandika kwa herufi za Kiarabu, ili mkubwa wetu, Mbelgiji tuliyemwita Bwana Miwani, asilisome. Alimwambia ni dua. Nyingine zilikuwa dua kweli.

"Weye unaogopa?" aliniuliza aliponiona nimeganda mbele ya droo.

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri. Siku utaacha kuogopa hizi kadi, rudi kwenu uuze samaki wa ndagala."

Mara moja kwa mwaka tulipanda baiskeli kwenda kukagua kambi za wafanyakazi, nyumba kwa nyumba. Na siku hiyo, ndugu zangu, watoto waliazimwa kama michi. Mwenye watatu kwenye kadi na wawili nyumbani alikwenda kwa jirani kuomba wa tatu. Tulifika tukawakuta wamepangwa ukutani, wameoshwa, wamepakwa mafuta ya mawese, wanang'aa kama mbilimbi. Asubuhi moja nilimwona mtoto mmoja mwenye kovu la moto shingoni katika nyumba ya kwanza, akaitwa Paulo. Katika nyumba ya nne alikuwa Gabrieli. Katika nyumba ya tisa nilipomuuliza jina, alimtazama mwenye nyumba akasema, "Baba, hapa naitwa nani?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mzee Amisi hakucheka. Alisema majina yanafundishika, sura zinafanana, na jirani hasemi. Akanifundisha dawa yake. Ukishaingia, usiulize jina. Sema una kiu, kisha umwombe mtoto akuletee maji. Mtoto wa nyumba anajua kikombe kinakaa wapi. Wa kuazima atasimama katikati ya chumba akipapasa kwa macho. Nimekagua watu kwa mihuri, kwa kalamu ya kopi, kwa alama za vidole, lakini sijapata chombo kilichoshinda kikombe cha bati.

Mwenye nyumba ya tisa alipelekwa teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya. Nilikuwa sijaona bado sheria ikifanya kazi mpaka mwisho, na niliiona. Alifungwa miezi sita, akafyeka majani ya barabara mbele ya watu aliokuwa akinywa nao. Aliporudi, nyumba ya kambi ilikuwa na mtu mwingine. Alichokula bila haki alidaiwa chote, hata sehemu aliyoinunulia sabuni. Na katika buku lake la kazi, lile ambalo hakuna mwajiri aliyekupokea bila kulifungua, kampuni iliandika kosa lake kwa wino mwekundu. Alizunguka na buku hilo mpaka Usumbura, na kote lilifunguliwa, likafungwa, akarudishiwa. Kwa ajili ya mtoto mmoja wa kuazima! Kicheko changu kiliniwasha kooni kwa muda mrefu.

Sasa nifike kwa Bonifasi.

Bonifasi alikuwa fundi wa mashine ya kukandamiza pamba, Mkatoliki, mzaliwa wa Mutarule, mtu wa Kirundi chake na maneno machache. Aliishi kambini na mkewe Anastaziya, ambaye kila mtu alimwita Mama Konsolata kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Kadi yao ilikuwa na watoto watatu: Konsolata, kisha wavulana wawili wadogo. Nilipowakagua, watatu walikuwepo. Nikasema nina kiu.

"Konsolata!" mama akaita. "Letea bwana karani maji."

Mtoto wa kike wa miaka sita hivi alikuwa amekaa karibu na jiko. Alikawia kidogo, kama mtu anayesubiri mwingine ainuke. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya chumba, akafunua kapu, akatoa kikombe, akachota, akaniletea kwa mikono miwili. Lakini mama yake hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama mlangoni. Nililiona hilo, nikanywa maji yangu, nikaweka alama kwenye kadi. Kikombe kimepatikana, kazi imekwisha, ndivyo nilivyowaza. Niliendelea na nyumba ya pili nikiwa nimeridhika kabisa.

Miezi kadhaa ilipita. Asubuhi moja, hata hatujafungua madirisha yote, nilimkuta mwanamke amesimama kwenye ngazi ya ofisi, miguu yake myeupe kwa vumbi la tambarare. Amemshika mkono yule mtoto. Alikuwa ametembea tangu jana yake, akalala kwa watu wa misheni njiani.

"Weye ndiye karani ya batoto?" akaniuliza.

"Ni mimi, Mama Konsolata. Karibu. Kuna shida kambini?"

"Nataka umutoshe, umufute Konsolata mu kitabu. Alikufa."

Nilimtazama mtoto. Mtoto akaniangalia. Nakiri kwamba nywele zilinisimama.

Mzee Amisi alivuta kiti, akamketisha mama, akampa mtoto kipande cha sukari, na pole pole habari yote ikatoka. Mwaka uliotangulia, mvua za kwanza zilipoanza, Anastaziya alivuka mto Ruzizi na binti yake kwenda kumuuguza dada yake kule milimani. Surua ilikuwa imeshika kilima chote. Dada akafa. Baada ya siku tano Konsolata naye akafa. Dada aliacha binti wa umri ule ule, Domitila, ambaye hakuwa na baba wala shangazi. Anastaziya alimzika mwanawe kule, akarudi na Domitila.

Bonifasi alimpokea mkewe mlangoni, akasikia. Jioni akatoa uamuzi. Matanga yakikaliwa, kapita, msimamizi wa kambi, atajua. Kapita akijua, ofisi itajua. Ofisi itampiga Konsolata mstari, na huyu yatima hawatamwandika, kwa kuwa si mtoto wetu wa kuzaa. Watoto watakula watatu kwa pesa ya wawili. Basi huyu ndiye Konsolata. Kambi nzima ilijua, na kambi nzima ilinyamaza, maana hakuna nyumba isiyokuwa na neno lake kwenye kadi.

"Sikukaa matanga hata siku moja," mama alisema. "Nilirudi nikashika jembe, minye muntu mwenye kufiwa! Mama yangu angeniona, angenilaani. Padri alisoma majina ya bale balikufa, jina yake haikusomwa. Na kila siku naita Konsolata. Kila siku naita, na anakuja mwingine."

Mzee Amisi alikuwa ameacha kuandika.

"Sasa juzi huyu alishikwa na homa," akaendelea, akimgusa mtoto kichwani. "Akaniuliza, 'Mama mudogo, ni minye nilikufa?' Basi nikasema, hapana. Iko mwisho."

Nilikuwa kijana bado, nikataka kusaidia. Niliona mlango, tena mlango mwepesi. Nikasema kwa sauti ya chini, "Mama, sikiliza. Tunaweza kuandika kwamba amekufa wiki hii. Mtamkalia matanga sasa. Hakuna atakayeuliza, na mume wako hataguswa."

Nilitazamia anishukuru. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, ila hakuwa na hasira.

"Alikufa mvua ya kwanza," akasema. "Alikuwa ameshika kidole yangu hii. Siku yake ni ile. Bwana karani, tulimunyang'anya jina. Usimupe tena siku ya uongo."

"Bonifasi atafungwa."

"Najua."

"Nyumba mtaitoka. Buku lake litaharibika. Pesa yote mtadaiwa."

"Njia yote nilikuwa nahesabu ile maneno, toka kambini mpaka hapa. Andika."

Nimefanya kazi mbele ya wakubwa wa kila rangi, nimeona watu wakiapa kwa Biblia na Msahafu. Sijaona tena mtu akisema kweli ya namna ile, kweli isiyomletea faida yoyote hapa duniani, huku akijua bei yake na akiwa ameitembelea kwa miguu. Mzee Amisi alichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika yeye mwenyewe, na pale pembeni akaweka msimu wa mvua ya kwanza, mwaka uliopita, kama mama alivyotaka. Kisha akamgeukia mtoto.

"Na weye, mama, unaitwa nani?"

Mtoto alimtazama mama yake mdogo. Anastaziya akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Domitila," akasema, kwa sauti ndogo, kama anajaribu kiatu.

Na hapa ndipo linapoanza jambo linalonitia aibu mpaka leo. Mzee Amisi aliinama kwenye droo ya chini kabisa, akatoa rundo la karatasi zenye vumbi. Zilikuwa karatasi za ulezi. Yatima anayelelewa kwa desturi, chifu akishuhudia na teritwari ikigonga muhuri, aliandikwa kwenye kadi ya mlezi na kuhesabiwa kama wa kuzaliwa. Ilikuwa sheria, na ilikuwepo muda wote. Wangetangaza kifo cha Konsolata, wakaleta Domitila, kadi ingebaki na watoto watatu, bila uongo wowote. Haikuwa siri. Haikutangazwa tu. Sisi tuliokwenda na baiskeli na ujanja wa kikombe, hakuna aliyebeba hata karatasi moja ya zile.

Anastaziya alipoelezwa, aliigusa karatasi kwa kidole.

"Karatasi hii ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapa, Mama," nikajibu.

"Hm," akasema, akamfuta mtoto vumbi la uso kwa ncha ya kitenge. Heri angenipiga.

Bwana Miwani alisoma ripoti mara mbili. Mzee Amisi alikuwa ameandika kwamba mke amekuja mwenyewe, kabla ya kugunduliwa, na kwamba yatima yupo kweli na analishwa kweli. Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akapiga muhuri, na ripoti ikaenda teritwari kama zilivyokwenda nyingine.

Nilikuwepo siku askari walipomfuata Bonifasi kiwandani. Mashine ilizimwa. Alisimama na nyuzi za pamba kichwani, akauliza, "Nani alisema?"

Anastaziya alikuwa getini. Akaingia mpaka mbele yake, mbele ya wanaume wote wale.

"Ni minye, Baba Konsolata."

Nilidhani atampiga. Wote tulidhani hivyo, hata askari, maana mmoja alisogea. Bonifasi alimtazama mkewe. Halafu akakaa chini kwenye mbegu za pamba, akalia kwa sauti. Alikuwa akiita, "Konsolata wangu! Konsolata wangu!" Mwaka mzima na zaidi alikuwa hajalitamka jina lile kwa ajili ya mwenyewe. Wanaume wa kiwanda wakavua kofia mmoja mmoja. Askari walisubiri amalize, na sikuwahi kuona askari wa enzi zile wakimsubiri mtu.

Alipata miezi mitatu badala ya sita, kwa sababu ya ile ripoti. Mengine hayakupunguzwa. Nyumba walitoka siku ile ile, wakarudi kwa baba yake Mutarule. Buku likapata wino mwekundu. Alipotoka gerezani alilima pamba, na misimu miwili kampuni ilikata deni lake pale pale penye mzani, kabla hajashika kitu. Karatasi ya ulezi ya Domitila ilipigwa muhuri, na mimi ndiye niliyeipeleka kwa chifu. Ilirudi ofisini safi kabisa, ila Bonifasi hakuwa mfanyakazi wetu tena, na kadi ya kuibandikia haikuwa na mwenyewe. Niliitunza katika droo yangu mpaka kampuni ilipofungwa.

Tangu hapo nilibadili kazi yangu kidogo, na hili ndilo ninalowaachia ninyi mlio na mashine za kuhesabu. Kila nilipokwenda kambini nilibeba karatasi za ulezi mbele ya baiskeli, na kabla ya kuomba maji nilisema kwanza yale ambayo mtu ana haki ya kuyaomba. Adui wa ofisi si mwongo peke yake. Karani aliyenyamaza anakaa naye meza moja. Hilo niliwahi kulisema kwenye mkutano, wakubwa wakakohoa.

Bonifasi alipomaliza kifungo, walituma mtu Uvira kwangu na kwa Mzee Amisi. Matanga ya Konsolata yanakaliwa, tufike. Nilitaka kukataa. Mtu aliyekupeleka gerezani anakujaje kukaa kwenye mkeka wako? Mzee Amisi aliniambia, "Aliyeitwa kwa kilio haulizi," akafunga kilo ya sukari nyuma ya baiskeli, tukaenda.

Walikuwa wengi, Wakatoliki wa tambarare karibu wote, na watu wa kambi pia, wale walionyamaza, wamekaa pembeni wakiangalia chini. Jina lilisomwa, na siku yake, mvua ya kwanza. Katekista alisali. Wanawake walilia kilio kilichokuwa kimewekwa mwaka mzima na zaidi. Kisha pombe ya ndizi ikapita, na jembe la nyumba likarudishwa mkononi mwa mama, ishara kwamba sasa anaweza kulima. Bonifasi alikuja akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

Jua lilikuwa kali. Anastaziya alitutazama tulipoketi, akaona midomo yetu imekauka.

"Domitila!" akaita. "Letea bakarani maji."

Macho yake hayakwenda mlangoni. Aliita mara moja tu, na akaja aliyeitwa.